Giaboksi Iliyoachwa Wazi

Kijiti cha kupimia oili kilitoka kikiwa baridi.

Fundi Solomoni alikitazama, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha mahali pake, akakichomoa tena. Injini ya lori ilikuwa imeunguruma tangu asubuhi, ukiigusa unaungua, lakini kijiti kile kilichotoka ndani ya giaboksi kilikuwa na ubaridi wa chuma kilicholala nje kwenye umande.

"Oili ipo?" aliuliza Meshack, mwenye lori.

"Ipo. Imefika kwenye alama."

"Sasa mbona haliendi mbele?"

Solomoni alikishika kijiti kwa vidole viwili tu, kama mtu asiyependa alichokishika.

Lori lenyewe lilikuwa dogo, la Kijapani, la gia otomatiki, na ndilo lililoilisha nyumba ya Meshack na mkewe Tabea pale Nkoaranga. Meshack alinunua ndizi kwa majirani zake mlimani, akazishusha sokoni Kwa Mrombo, akapandisha na pumba za ng'ombe. Jumamosi Solomoni alikuwa amekuja kutoka gereji yake ya Kimandolu kulifanyia sevisi ya kawaida hapo hapo uani: oili ya injini, filta, oili ya giaboksi. Ni kazi aliyoizoea kiasi kwamba aliifanya huku akipiga soga.

Chini ya ua, katikati ya migomba, kulikuwa na shimo ambamo maji yalitokeza kati ya mizizi ya mkuyu. Mama yake Meshack, enzi za uhai wake, hakuruhusu mtu kufua pale wala kupaza sauti. Solomoni hakuyajua hayo. Alibeba beseni la oili nyeusi akalimimina shimoni lote. Meshack alimwona. Akanyamaza, maana aliona haya kumsimulia mtu wa mjini habari za mkuyu. Kisha Tabea akawaita kula loshoro, mahindi yaliyopikwa kwa maziwa ya mgando, wakaenda kunawa, wakaiacha giaboksi wazi kwa chini, tupu, ikidondosha tone moja moja.

Jumatatu lori lilipopakiwa ndizi, Meshack aliweka gia ya kwenda mbele. Likanyamaza. Kisha likaruka mara moja kama mnyama aliyechomwa, likarudi nyuma kwa kasi huku yeye amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, likabomoa banda na kumponda ndama aliyefungwa humo. Tabea alikuwa na ndoo mkononi. Alisikia mifupa ya ndama ikivunjika, na baada ya hapo alisikia lori likipumua.

"Limepumua, Meshack," alisema kwa sauti ya chini. "Baba, nimelisikia."

"Ni breki za upepo."

"Hili halina breki za upepo."

Ndiyo maana Solomoni alikuwa ameitwa tena. Aliunganisha kompyuta yake ndogo ya kupimia magari, ikamwambia hakuna hitilafu yoyote. Aliangalia nyaya, akaangalia mpini wa gia, akachomoa waya wa betri na kuurudisha. Mwishowe akasema ataifungua giaboksi tena, pengine filta ilikaa vibaya. Wakalinyanyua lori nyuma kwa jeki, wakaweka magogo, wakapanga mawe kwenye matairi ya mbele. Meshack akazima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Meru ijapokuwa ilikuwa mchana, na uani palikuwa na weupe usioonyesha hata mgomba wa tatu.

Solomoni alilala chali chini ya lori, akalegeza nati, akaishusha sahani ya chini ya giaboksi. Hakukutoka oili. Yalitoka maji. Hayakuwa yale mazito yanayofanana na maziwa, ambayo fundi yeyote huyaona oili ikichanganyika na maji. Yalikuwa maji safi, ya kunywa, yenye majani mabichi ya mkuyu ndani yake, na yaliendelea kutoka, ndoo ya kwanza, ndoo ya pili, kutoka kwenye chombo kisichoweza kubeba hata ndoo moja.

"Meshack," Solomoni alinong'ona. "Zima injini."

"Imezimwa. Ufunguo huu hapa."

"Basi mbona propela inazunguka?"

Ile nondo nene inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ilikuwa imeanza kuzunguka taratibu, bila mlio wa injini, na Meshack aliinama kutazama akamwona Solomoni akijivuta kwa visigino, akaona mkono wa ovaroli yake ukishikwa, ukajizungusha kwenye chuma mara moja, mara mbili, na mkono wa mtu uliokuwa ndani yake ukaufuata, ukapinda pasipo na kiungo, ukapasuka, huku Solomoni akipiga yowe ambalo halikufanana na sauti ya mwanamume wala ya mwanamke, na kutoka juu yake, ndani ya kile chuma kilichofunguliwa, kukasikika sauti ya kumeza, taratibu, ya mtu mwenye kiu aliyepata maji.

Jirani mwenye gari alimkimbiza hospitali. Aliishi. Mkono haukupatikana wa kushonwa.

Baada ya siku hiyo lori halikukaa lilipowekwa. Alfajiri Tabea alifungua mlango wa jiko akakuta mkia wa lori umegusa kizingiti, na mawe ya matairi yamebaki kule kule, hayakusogea. Ndani ya kibanda cha dereva mpini wa gia uligonga wenyewe, kak, kak, kak, na palinuka tope na damu mbichi. Wazee wa usharika walikuja kuomba. Honi ikalia mpaka sauti zao zikamezwa, na mmoja wao, Elirehema, alipoweka kiganja kwenye mlango wa lori, mlango ulifunguka kwa nguvu ukampiga usoni na kumng'oa meno.

Tabea alikuwa mwanakwaya. Hakuwahi kwenda kwa mganga. Lakini alishuka Kwa Mrombo, akapita mafungu ya nyanya mpaka upande wa ugoro na magome ya dawa, akamkuta bibi mwembamba mwenye masikio yaliyotobolewa, aliyeitwa Koko Resiato, koko ikiwa ni bibi kwa Kimaa.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba. Kaa. Wewe unanuka maji yaliyokasirika."

Tabea alimweleza yote. Bibi alisikiliza huku akisaga ugoro, na habari ya oili ilipotajwa akaacha kusaga.

"Mlimwaga uchafu mlangoni pa mwenyewe," alisema. "Mkaacha nyumba nyingine wazi pembeni, tupu, bado ina joto. Mlitaka ahamie wapi?"

"Ni jini, koko?"

"Wenzenu wa pwani wangemwita hivyo. Sisi tunasema mwenyewe. Yeye hakai hewani. Anakaa ndani ya kitu. Akitolewa huku, anaingia palipo wazi karibu."

Alipanda naye mlimani siku ile ile. Kwanza akawaamuru wasafishe shimo. Meshack na Tabea walichota oili kwa makopo, wakakwangua mizizi kwa majivu, wakafanya hivyo mpaka mikono ikachubuka na maji yakarudi rangi yake. Kisha bibi akawapanga: Tabea mbele ya lori, upande wa bonde, Meshack ubavuni, yeye mwenyewe nyuma. Lori likanyanyuliwa tena nyuma kwa jeki na magogo, sahani ya giaboksi ikiwa bado imeshushwa. Milango ya nyumba ikafungwa, na masufuria na ndoo vikageuzwa kifudifudi.

"Sikilizeni," alisema. "Akitoka atatafuta. Shimo liko wazi, litakuwa la kwanza kumfaa. Ila na nyinyi mna midomo. Mtu asifungue mdomo. Hata akiona nini. Mmenielewa?"

"Tumeelewa, koko," alisema Meshack.

"Basi fungeni sasa."

Alianza kuzungumza na lori kwa Kimaa, polepole, kama anayembembeleza ng'ombe mkorofi, mdomo wake ukifunguka kidogo tu. Jua lilikuwa halijatua, lakini ukungu ulirudi, ukapanda kutoka bondeni ukaja kusimama uani. Chuma kikaanza kulia. Lori lilitetemeka, likatikisa magogo, maji yakamwagika chini yake kwa kishindo, na likaporomoka kutoka kwenye jeki, likakaa kwa magurudumu yake manne, kimya. Kisha, bila injini, bila dereva, likafanya jambo ambalo halikuwa limefanya tangu sevisi: likaenda mbele.

Tabea alikuwa ameliegemea boma la mawe nyuma yake na hakuwa na pa kukimbilia, akakaza meno kama alivyoamriwa akalitazama likimjia, na Meshack, aliyekaa miaka yote ya ndoa yao bila kumwita mkewe kwa sauti mbele za watu, aliliona lile lori na kumwona yule mwanamke na asiwaze kitu kingine chochote duniani, akafungua mdomo wake wote akapiga kelele:

"Tabea!"

Lori likasimama, limegusa gauni la Tabea. Meshack akafunga mdomo. Akaufungua tena, na maji yakamtoka, mengi, pamoja na majani.

Bibi alikuwa wa kwanza kumfikia. Meshack akampiga ngumi moja tu ya kinyumenyume, na taya la Koko Resiato likavunjika kwa mlio ambao Tabea aliusikia akiwa upande wa pili wa lori, na bibi akaanguka matopeni. Kisha yule aliyekuwa Meshack akaokota mtarimbo wa jeki akamgeukia mkewe. Hakukimbia, alitembea, akigonga mtarimbo kwenye ubavu wa lori kila hatua, na macho yake yalikuwa yale yale aliyoyajua Tabea, ya mtu anayelia, ndani ya uso uliokuwa unacheka. Pigo la kwanza lilivunja kioo. La pili lilimpata Tabea begani, akaanguka chini ya mlango, akatambaa, akashikwa mguu, akavutwa kwenye kokoto mpaka ngozi ya kifua ikabanduka, na mkono wake uliokuwa unapapasa ukakutana na spana kubwa ya magurudumu, akaishika, akajigeuza chali na kumpiga mume wake mbavuni kwa nguvu zake zote, akampiga tena, akampiga huku akilia na kukaza meno asifungue mdomo, akasikia mbavu zikiitika, mpaka Meshack akapiga magoti, akajikunja, akatapika maji yaliyotambaa juu ya ardhi kwa kupanda, si kwa kushuka.

Hayakwenda shimoni. Yalimwendea aliyekuwa karibu zaidi, ambaye mdomo wake ulining'inia wazi na haukuweza kufungwa.

Koko Resiato aliyaona yakija. Hakuweza kusema. Alijivuta akakaa, akayangoja, na yalipokwisha kuingia yote akalisukuma taya lake lililovunjika juu kwa viganja vyake viwili, macho yamemtoka kwa maumivu, na kwa kidole akaonyesha kanga iliyokuwa kiunoni mwa Tabea.

Tabea alielewa. Alimfunga kanga chini ya kidevu hadi utosini, akakaza, na bibi akamwashiria akaze tena.

Meshack alipona mbavu. Lori lilipowekwa oili mpya na fundi mwingine, lilikwenda mbele na nyuma kama gari lingine lolote, na ndizi zikaendelea kushuka sokoni. Huko hospitali, madaktari walipotaka kuifungua ile kanga, bibi alipigana nao watatu, hata wakakubali kumfunga meno kwa waya huku kanga imekaza kidevu. Alilishwa kwa mpira wa puani.

Tabea alimtembelea Jumanne ya wiki ya sita. Alimkuta ameegemea mto, amekonda, amekesha. Mashavu yake yalivimba, yakashuka, yakavimba upande mwingine, kana kwamba kitu kilikuwa kinayajaribu meno yake jino moja moja kutoka ndani.

"Bibi yenu anaendelea vizuri sana," alisema nesi, akiweka dawa mezani. "Daktari anamtoa waya kesho asubuhi."

Koko Resiato alimkamata Tabea mkono. Alitikisa kichwa, akatikisa, machozi yakimtiririka, akatikisa mpaka kitanda kikalia.

Nesi akacheka kwa upole.

"Ona," alisema, "alivyo na hamu ya kuongea."