Nani Aliyekula Ukingo?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sella aliosha vyombo nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Gatwekera, karibu na mto. Siku moja, baada ya mvua kubwa, alikuta mahali alipozoea kuweka beseni pamejaa maji. Kipande kizima cha ukingo hakikuwapo. Ng'ambo ya mto, kando ya sukuma wiki za jirani yao Opondo, palikuwa na mchanga mpya.

Sella hakuelewa. Udongo wao ulikuwa umeenda wapi? Mama yake, Christine, aliamini kwamba Opondo alikuwa akiwachimbia ukingo ili apanue shamba lake. Alimwita mwizi mbele ya majirani. Opondo alikana, kisha akarudi shambani kwake. Sella alizidi kuchanganyikiwa, maana hakuwahi kumwona Opondo akichimba upande wao. Tena ndiye aliyewagawia mboga baba alipokosa kazi.

Shuleni alimweleza Mwalimu Kasiva. Mwalimu alisema kwamba mto huanzia milimani ukiwa mwembamba na wenye kasi, ukichimba chini. Ukifika penye mteremko mdogo, huanza kupindapinda, ukila ukingo mmoja na kujaza mwingine, hadi unapomwaga mchanga wake baharini. Sella aliona mto wao ni mdogo mno kufanya hayo yote. Mwalimu akamwambia aende akaangalie.

Jioni alimwita mama yake, wakasimama kwenye daraja la mbao. Sella alitupa vijiti majini. Upande wao, nje ya kona ya mto, vilikimbia vikigonga ukingo. Upande wa Opondo, ndani ya kona, vilienda polepole vikakwama mchangani.

"Mama, ni mto," Sella alisema. "Unachimba kwetu na kuweka kwake."

Christine akavuka daraja kwenda kwa Opondo kuomba msamaha.

"Ulinitukana mbele ya watu, Mama Sella," Opondo alimjibu.

Basi Christine akaomba msamaha tena, mbele ya majirani walewale. Jumamosi Opondo alikuja na nyundo, wakahamisha ukuta wa mabati wa nyuma ya nyumba ya kina Sella mbali na maji.

Walipomaliza, Christine alimketisha binti yake.

"Sote wawili hatukuelewa," alisema. "Wewe ukauliza, mimi nikalaumu. Usipoelewa jambo, mwanangu, uliza kwanza."