Walimpima Miguu Tu

Asubuhi ile karakana ya sare za shule ilikuwa na kelele zake za kila siku. Vyerehani vilinguruma. Redio iliimba. Msimamizi aliinua vipande viwili vya kitambaa mbele ya mafundi wote.

"Shati moja, mikono miwili ya kushoto! Mama Mkasi, umelewa?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Mkasi alikuwa mkataji wa vitambaa kwa miaka kumi na tisa. 

"Nakupa mpaka Ijumaa," msimamizi akasema. "Ukikosea tena, meza hiyo anashika mwingine."

Nyumbani nako hakupata nafuu. Wifi yake alimsubiri sebuleni, mikono kiunoni.

"Wifi, acha maigizo! Fimbo umeiacha, unatembea vizuri. Ugonjwa umekwisha. Umebaki uvivu."

"Nikiambiwa mambo matatu, mawili yanapotea."

"Mbona ugomvi wetu wa mwaka juzi unaukumbuka neno kwa neno?"

Jirani yao, muuguzi wa kliniki ya neva, alikuwa mlangoni. Akaingia bila hodi.

"Nani kakwambia umekwisha? Huu ni ugonjwa wa MS, yaani multiple sclerosis. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutulinda, inashambulia ganda la neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ujumbe wa ubongo unapita polepole. Miguu inaweza kupata nafuu, huku kasi ya kufikiri ikipungua mwaka hadi mwaka. Si kwa kila mgonjwa, wala si kwa kiwango kimoja. Ya zamani mengi hubaki. Mapya ndiyo yanateleza, hasa akichoka, au kukiwa na joto na kelele."

"Miaka sita nampeleka kwenu!" wifi akafoka. "Mbona hamkusema?"

Muuguzi akainamisha macho. "Tulimpima miguu tu. Tulikosea."

Tulikosea! Miaka sita walimgonga magoti, wakamtembeza, wakamrudisha nyumbani. Hakuna aliyemuuliza, "Na kichwa, kinaendeleaje?" Mwenyewe aliona aibu kusema. Aibu hiyo nani alimpa? Sisi tunaocheka.

Kesho yake muuguzi alimpima kumbukumbu na kasi ya kufikiri. Majibu yakaandikwa, yalinganishwe na ya mwaka ujao. Daktari akaangalia pia usingizi, huzuni na dawa zake. Kisha wifi akajifunga kibwebwe, wakaenda wote karakana.

"Redio izimwe!" wifi akamwambia msimamizi. "Mpe oda moja moja, tena kwa maandishi. Kazi ngumu aifanye asubuhi, kabla ya joto. Apumzike kabla hajachoka. Na kila kipande akiandike kwa chaki, kulia au kushoto."

"Hii ni karakana au hospitali?" msimamizi akanung'unika.

"Ni karakana isiyomjua mkataji wake. Ulisema Ijumaa, si ndiyo? Basi tusubiri Ijumaa."

Ijumaa mashati themanini yalishonwa. Hakuna hata moja lililorudishwa. Ugonjwa haukuondoka, lakini meza ilibaki yake.

Msimamizi akamsogelea, akanong'ona, "Samahani, mama."

Mama Mkasi alitafuta maneno. Mafundi wakamsubiri, hakuna aliyecheka.

"Ulinitukana mbele ya wote," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."