Kelele za Bombani

Huku Sagalla maji hayaji kwa kuitwa. Kila jioni Wakio, msichana wa Gredi ya Saba, hupanga mtungi wake kwenye foleni ya bomba, na huko ndiko alikojipatia maadui. Wenzake wakisengenya watu, yeye hufungua daftari la Sayansi, akajiuliza maswali na kujijibu kwa sauti.

"Wewe, nyamaza," alifoka Mbeyu, mwanafunzi mwenzake. "Umetuchosha, daktari wa mitungi."

Wengine wakacheka. Mbeyu akausukuma mtungi wa Wakio nje ya foleni kwa teke. Wakio aliumia moyoni, lakini aliurudisha, akaendelea kujiuliza. Muhula uliopita ndiye aliyevuta mkia darasani, na aibu ile hakutaka kuionja tena.

Matokeo ya mtihani wa muhula yalipotoka, Wakio aliongoza katika Sayansi. Mbeyu hakungoja hata asomewe alama zake.

"Mwalimu, huyu ameiba mtihani. Mtu wa mkia aongoze vipi?"

Mwalimu Kiilu hakuwa mtu wa mzaha. Alimwita Wakio mbele. "Nitakuuliza. Ukishindwa, alama zako nazifuta zote. Figo hufanya kazi gani?"

Darasa zima lilimkodolea macho. Wakio alilijua jibu, ila hofu ilimfunga ulimi. Mwalimu akachukua kalamu nyekundu.

"Si nilisema?" Mbeyu alidakia kwa dharau. "Figo huchuja damu, taka zikatoka kwa mkojo. Na huo ndio wimbo wake wa kila jioni bombani, mpaka masikio yanatuuma."

Mwalimu aliiweka kalamu chini. "Wewe Mbeyu umeyasoma wapi hayo?"

"Sijasoma, mwalimu. Namsikia yeye," Mbeyu alijibu, kisha akauma midomo. Alikuwa amechelewa.

"Kama wewe umeyashika huku umenuna, anayejifunza kwa bidii atayakosaje?"

Hapo ulimi wa Wakio ulifunguka, akajibu maswali yote yaliyobaki. Mwalimu aliwageukia wanafunzi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenzenu aliinama mbele ya macho yenu, nanyi mkalalamika masikio yanawauma. Alama zake zinabaki. Mnaozitaka, mnajua zinakopatikana."

Jioni hiyo Mbeyu aliuweka mtungi wake nyuma ya ule wa Wakio. Hakuomba msamaha. Alikunja uso, akafungua daftari lake.

"Haya, uliza," akasema.