Kalsiamu ya Ng'ombe na Kalsiamu ya Watiri

Watiri hakuweza kutulia. Tangu alfajiri alitoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Alipanga mikebe ya maziwa, akaipangua, akaipanga upya. Mumewe Theuri alikuwa zizini akiwapa ng'ombe nyasi, na macho yake yalikuwa kwa mkewe.

"Mama Kabura, hebu kaa chini kidogo. Unanizungusha kichwa."

"Nikikaa miguu inauma. Nikisimama inauma. Sasa nikae ya nini?"

Zamani watu wa Mweiga walimjua Watiri kama mama mnene mwenye kicheko kikubwa. Sasa unene ulikuwa umekwenda. Mwaka uliotangulia alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo huko Nairobi. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemsumbua kwa miaka mingi, na magoti yalikuwa yamechoka kumbeba. Madaktari walimwachia tumbo dogo, kisha wakaliunganisha na utumbo kwa njia ya mkato. Upasuaji ulifaulu. Sukari ilishuka, na nguo zake zote zikampwaya.

Majirani hawakukosa la kusema. Wengine walimsifu. Wengine walinong'ona kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kukubali kukatwa tumbo. Ukinenepa wanasema, ukikonda wanasema. Watiri alikuwa amewazoea.

Ila kulikuwa na jambo ambalo hakulizoea. Kwa miezi kadhaa ncha za vidole vyake zilikuwa zikifa ganzi. Mdomo ulimwashawasha. Misuli ya miguu ilimkaza akiwa kitandani. Na asubuhi hiyo, alipokuwa akikamua, vidole vya mkono wa kulia vilijikunja vyenyewe vikakataa kufunguka. Ndoo ikapinduka, maziwa yakamwagika yote.

Theuri alikuja mbio. "Ulikunywa kalsiamu?"

"Nilikunywa. Zote."

"Basi ni baridi tu hiyo. Itaisha."

Theuri alisema hivyo kwa sababu aliamini anaijua kalsiamu. Mfugaji gani wa Mweiga asiyeijua? Ng'ombe wa maziwa akizaa, maziwa huvuta kalsiamu mwilini mwake. Wengine huanguka, shingo ikapinda, wasiweze kusimama. Daktari wa mifugo huja akamtilia ng'ombe chupa nzima ya kalsiamu mshipani. Baada ya muda mfupi, huyo amesimama anatafuta nyasi! Theuri alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake mara nyingi.

Kwa hiyo hospitali ilipomwambia Watiri atumie kalsiamu maisha yake yote, Theuri alijipa kazi hiyo. Alinunua tembe za kutafuna, zile watu hutumia wakipatwa na kiungulia. Kila asubuhi alimpa mkewe tembe za siku nzima kwa mpigo mmoja. "Imalize mara moja, ndio ishike," alimwambia. Watiri alitafuna. Juu yake akameza tembe ya madini ya chuma ya kuongeza damu. Kisha akashushia kikombe cha chai ya maziwa. Mchana hakula dawa, wala jioni. Aliona amemaliza.

Jumamosi Kabura alifika kutoka Kutus. Kabura ni binti yao, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa pili wa kike. Yule wa kwanza alipewa jina la mama wa mumewe. Huyu wa pili, kama ilivyo desturi, alipewa jina la mama yake Kabura. Naye akaitwa Watiri.

"Mama, huyu hapa mama yangu mwingine," Kabura alisema akicheka. Alimnyooshea mtoto aliyefungwa kwenye blanketi. "Mshike. Ni wewe huyu."

Watiri aliiingiza mikono chini ya shali.

"Mlaze kitandani kwanza. Niko na mikono chafu."

"Si nimekuona ukinawa?"

"Mlaze tu, Kabura."

Watiri akainuka, akaenda jikoni. Akapanga vikombe. Akavipangua. Kabura alimfuata akiwa na mtoto kifuani, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, kwani huyu mtoto amekukosea nini? Au hutaki jina yako?"

Maneno hayo yalimchoma Watiri. Machozi yakamtoka.

"Wee, usiseme hivyo. Naogopa. Vidole inajikunja yenyewe. Juzi nilimwaga ndoo ya maziwa. Nikimwaga maziwa ni hasara. Nikimwangusha huyu je?"

Kabura alivitazama vidole vya mama yake. Kisha akauliza, "Hii maneno umeambia daktari?"

"Baba yako anasema ni baridi."

"Baba ni daktari ya nani? Chukua dawa zote unakunywa, hata ile ya kutafuna. Twende kwa Safiyo."

Safiyo alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa pale Mweiga. Watu waliliita kemisti. Alizaliwa Nanyuki, na baba yake, mzee Kullow, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Theuri naye alifuatana nao. Hakutaka kusemwa akiwa hayupo.

Safiyo alizitazama dawa zote. Alimuuliza Watiri anazimeza saa ngapi na anazimeza na nini. Aliposikia jibu alitikisa kichwa.

"Mama Kabura, nani alikufundisha hivi?"

Watiri alimtazama mumewe. Theuri alikohoa.

"Ni mimi. Si kalsiamu ni kalsiamu? Ng'ombe anapewa chupa nzima na anaamka."

Safiyo hakumcheka. "Mzee, ng'ombe anawekewa wapi?"

"Kwa mshipa."

"Sasa tofauti iko hapo. Ya mshipa inaingia kwa damu moja kwa moja. Ya mama inapita kwa tumbo. Na mwili hauwezi kuchukua tembe nyingi mara moja. Unachukua kidogo tu, ile ingine inatoka choo. Ni kama unamwaga maji mengi kwa chupa ya mdomo mdogo."

"Lakini mimi niko na maziwa mengi kwa boma," Watiri alisema. "Hata hayo hayatoshi?"

"Maziwa ni mazuri, endelea nayo. Lakini tumbo yako sasa ni ndogo. Huwezi kunywa ya kutosha. Tena ile sehemu ya utumbo inafyonza kalsiamu sana, chakula yako imeiruka. Mwili ukikosa kalsiamu, unaenda kuitoa kwa mifupa."

Watiri alijishika mkono. Aliwaza juu ya mifupa yake ikichotwa kidogo kidogo, na woga ukamjaa.

"Basi niuzie ile poa, daktari. Saa hii."

"Ngoja. Vidole ikianza kujikunja, hiyo si ya kununua dawa na kurudi nyumbani. Enda hospitali Nyeri leo, damu ipimwe. Mweleze daktari ulifanyiwa upasuaji gani. Usimfiche kitu."

Wakaenda siku hiyo hiyo. Vipimo vilionyesha kalsiamu iko chini na vitamini D iko chini zaidi. Vitamini D ndiyo inayousaidia mwili kufyonza kalsiamu. Daktari alimtibu Watiri mpaka vidole vikalegea. Kisha akamwandikia vitamini D, aina ya kalsiamu na kiasi cha kutumia nyumbani, akamwambia arudi kupimwa tena.

Walirudi kwa Safiyo wakiwa na maagizo hayo. Safiyo aliweka chupa mbili mezani.

"Mama, soma hapa."

Watiri alisogeza chupa karibu na macho. Alisoma polepole herufi kwa herufi. Chupa moja iliandikwa *calcium carbonate*. Ya pili iliandikwa *calcium citrate*.

"Ile ya kwanza ndiyo ulikuwa unatafuna," Safiyo alisema. "Ni dawa nzuri kwa watu wengi. Lakini inataka asidi ya tumbo iiyeyushe, na inataka chakula. Wewe asidi yako imepungua tangu ukatwe tumbo. Hii ya citrate haihitaji asidi nyingi. Unaweza kumeza ukiwa umekula ama hujakula. Ndiyo daktari ameandika."

"Ni ghali kidogo kuliko ile," Theuri alisema.

"Ndiyo, mzee. Lakini ile ingine ilikuwa inaenda choo."

Theuri akaingiza mkono mfukoni kutafuta pesa.

Safiyo aligeuza chupa. "Usiangalie tu namba kubwa ya mbele. Angalia huku nyuma. Imeandikwa kalsiamu yenyewe ni kiasi gani, na ni ya tembe ngapi. Hapa ni tembe mbili ndio unapata miligramu mia tano. Daktari amesema upate hiyo mara tatu, asubuhi, mchana na jioni. Usizimeze zote pamoja."

"Na ile ya damu?" Watiri aliuliza.

"Chuma na kalsiamu zinapigana. Ukizimeza pamoja, moja inazuia ingine. Ziachanishe masaa mawili au zaidi. Hata chai usinywe na ile ya chuma. Na jirani akikuuliza, usimpe dawa yako. Kila mtu daktari wake amwambie kiasi yake."

Wiki za kwanza zilikuwa za mahangaiko. Watiri hakuona mabadiliko, akataka kuongeza tembe. Theuri, yule yule wa chupa nzima, ndiye aliyemkatalia. Kila mchana alitoka shambani kuja kuuliza, "Umemeza ya saa hii?" Alimchosha mkewe kwa maswali, lakini tembe hazikusahauliwa. Ganzi ikapungua. Misuli ikaacha kukaza. Alipopimwa tena Nyeri, daktari alitabasamu. Akamwambia aendelee vivyo hivyo, bila kuacha.

Siku iliyofuata Watiri alisafiri hadi Kutus. Alipofika hakungoja chai. Alinawa mikono, akaikausha, akaketi.

"Mlete."

Kabura alimweka mtoto mapajani mwake. Mtoto alikuwa amenenepa, shingo imekaza. Alimkodolea macho bibi yake. Kisha akanyoosha mkono, akashika kidole kimoja cha bibi na kukibana kwa nguvu zake zote.

Watiri akatoa sauti ya mshtuko.

"Mama, ni nini?" Kabura alishtuka. "Nimchukue?"

"Muache." Watiri alikuwa akilia na kucheka pamoja. "Ananifinya, Kabura. Ako na kucha kali huyu mtoto. Kidole inazisikia zote."