Tangazo Lililotazama Uani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilipitia nyumbani kwa Bibi kufagia ua. Bibi mwenyewe alikuwa ametutoka miezi saba nyuma, lakini Mama hakutaka nyumba ile ilale chafu hata siku moja. Mimi nilishika ufagio, naye Mama alifungua madirisha moja baada ya jingine, na ndipo harufu ya Bibi ilipotutokea: sabuni ya kipande, nguo zilizokunjwa zikiwa na joto la pasi, na sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka mgeni asiyejua akateleza.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na baraza refu la mbele, na kwenye baraza hilo Bibi aliwalea nusu ya watoto wa mtaa wetu. Mama zao walipokwenda kazini walimwachia yeye. Aliwanawisha, akawaimbia, na mchana akawalaza kwenye mkeka, wamepangana kama sahani kabatini. Mimi pia nililala kwenye mkeka ule. Bibi aliniita Sisimizi kwa sababu, alisema, hata usingizini miguu yangu ilikuwa safarini.

Mama alikuwa mwalimu wa chekechea. Shule aliyofundisha ilipofungwa, siku ya tatu alisimama katikati ya baraza lile na kuweka mikono kiunoni.

"Nitafungua chekechea hapa hapa," akasema. "Baraza hili limeshazoea watoto. Sasa limekuwa kama mtu aliyenyamazishwa."

Mjomba, mdogo wake Mama, alikuwa fundi bomba na mtu wa kupenda njia ya mkato. "Fungua tu, dada," alisema. "Watoto wanakuja, wanacheza, wanakwenda kwao. Hilo nalo linataka karatasi?"

"Linataka. Kiwanja hiki kimeandikwa makazi, si shule. Nikifungua kienyeji, siku moja atakuja mtu na amri ya kufunga. Nitawaambia nini wazazi?"

"Haya, nenda kapange foleni. Ukirudi utanikuta nina mvi."

Mama akaenda. Familia saba zilikuwa zimeahidi kumletea watoto muhula ujao ukianza, na hiyo ilimpa nguvu. Siku za mapumziko ya katikati ya muhula nilifuatana naye mpaka ofisi ya mipango miji, tukakaa kwenye benchi refu lililong'aa kwa kukaliwa. Karani wa dirisha la tatu alikuwa na miwani iliyoning'inia shingoni na hakuwa na haraka na mtu. Safari ya kwanza alirudisha fomu kwa sababu ramani haikuonyesha vyoo vya watoto. Safari ya pili aliirudisha kwa sababu nakala ya hati ilikuwa haina muhuri. Safari ya tatu alisoma kurasa zote, akalamba kidole, akarudia ukurasa wa nne, kisha akagonga muhuri. Mama alishusha pumzi mpaka mzee aliyekaa karibu nasi akamwambia, "Pole, mwanangu. Mimi nina safari ya sita."

Baada ya wiki moja alikuja afisa mipango miji. Alikuwa mtu mrefu, mwenye utepe wa kupimia kwenye mkanda wa suruali, na watoto wa mtaa hawakukawia kumpa jina: Bwana Futi. Alipima vyumba, akapima geti, akapima umbali kutoka barazani hadi kwenye ua wa jirani. Alipomaliza akaniona nimejibandika ukutani nikimtazama, akaninyoshea utepe kutoka kisigino hadi utosini.

"Mita moja na sentimita arobaini na nne," akasema. "Wewe huhitaji kibali."

Tukacheka. Kisha akatoa kibao cheupe chenye maandishi meusi, akakifunga kwa waya kwenye geti, upande wa barabarani. Kilisema kwamba mwenye kiwanja ameomba kubadilisha matumizi yake kutoka makazi kuwa shule ya awali, na kwamba yeyote mwenye maoni au pingamizi afike ofisini ndani ya siku thelathini.

"Tangazo hili likae hapa siku zote thelathini," akamwambia Mama, "na lisomeke kutoka barabarani. Bila hivyo maombi hayaendi mbele."

"Sisimizi, umesikia?" Mama akanigeukia. "Hiyo ni kazi yako. Kila siku uhakikishe lipo na limefutwa vumbi."

Niliitikia kwa moyo wote. Lakini jioni ile, nilipokuwa nalifuta kwa kitambaa, nikamwona Mama Kimya akifungua dirisha lake, nikaacha kufuta.

Mama Kimya alikuwa nesi. Nyumba yake ilipakana na ya Bibi, na dirisha la chumba chake lilitazama ua wetu. Alifanya zamu ya usiku miaka nenda miaka rudi, akarudi saa moja na nusu asubuhi na kulala mchana. Mpira wetu ukigonga ukuta wake tu, sauti ilitoka nyuma ya pazia: "Kimya!" Ndiyo sababu ya jina. Na pale chini ya dirisha lake, kwenye ramani, Mama alikuwa amechora bembea.

Niliwaza: akisoma tangazo hili, atakwenda ofisini mbio, na chekechea itakufa kabla haijazaliwa.

Sikulichana tangazo, wala sikulifungua waya. Nilifanya jambo dogo, dogo kiasi kwamba nilijiambia si kosa. Geti letu lilifunguka kuelekea ndani. Ukilisukuma mpaka mwisho lililala kwenye ua wa michongoma, na kibao kikatazama uani badala ya barabarani. Basi kila asubuhi nilipokuja kufagia nilifungua geti kabla Mama Kimya hajarudi, na alipokwisha kuingia kwake nikalifunga. Jioni alipotoka kwenda kazini nikafanya vilevile. Mama alikuwa barazani akipaka rangi viti vidogo, hakuona kitu.

"Tangazo lipo?" aliuliza kila siku.

"Lipo, Mama."

Na kweli lilikuwepo.

Siku ya ishirini na sita Bwana Futi alikuja asubuhi bila taarifa, kuzungumza na majirani. Nilikuwa nafagia. Alikutana na Mama Kimya barabarani, bado ana sare na mkoba begani, akamwuliza kama ana maoni yoyote kuhusu chekechea.

"Chekechea gani?" Mama Kimya akauliza.

"Tangazo liko getini, mama. Wiki ya nne sasa."

Wote wawili wakaligeukia geti. Lilikuwa limelala kwenye michongoma, wazi kabisa, halina hata herufi moja upande wa kwao. Bwana Futi akaingia, akalivuta taratibu, na kibao kikatokeza, kisafi bila vumbi.

Mama alitoka ndani akiwa na brashi mkononi. Mama Kimya akamtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ndivyo ulivyokusudia," akasema. "Nipite hapa kila siku kama kipofu. Mama yako, Mungu amrehemu, asingenifanyia hivi."

Brashi ikainama mkononi mwa Mama. Rangi ya njano ilidondoka kutoka kwenye brashi ikaangukia sandali yake, naye hakuitazama. "Sijui limefungukaje," alisema. "Kweli sijui."

Bwana Futi aliandika kwenye daftari. "Mama, tangazo lililofichwa ni sawa na tangazo ambalo halikuwekwa. Na ikionekana mwombaji alificha kwa makusudi, maombi yanaweza kukataliwa kabisa. Kesho uje ofisini utoe maelezo."

Nami niliendelea kufagia mahali palepale palipokwisha kuwa safi. Nilikwenda shule. Mwalimu wa hesabu aliniita ubaoni na sikuweza hata kusoma swali. Kila nilipofumba macho niliona brashi ile.

Nilirudi saa tisa na nusu. Mama alikuwa amekaa barazani, mahali alipokuwa akikaa Bibi, jalada la maombi liko magotini.

"Nimefikiri," akasema kwa upole. "Labda ni upepo. Wewe ulikuwa ukilikagua kila siku, na wewe najua hudanganyi. Basi ni upepo."

Laiti angenigombeza. Nilikaa chini kwenye sakafu nyekundu, nikaanza kulia, na katikati ya kilio nikasema yote: michongoma, saa moja na nusu, jioni, siku ishirini na sita.

Mama hakunipiga. Alifunga jalada. "Vaa viatu," akasema. "Twende kwa jirani."

Mama Kimya alitufungulia akiwa ndiyo kwanza anaamka. Nilikuwa sijawahi kuingia kwake. Chumba kilikuwa na giza la mapazia mazito, na mezani palikuwa na saa ya kengele iliyofunikwa kwa taulo ili tiki-tiki yake isimkere.

"Shikamoo, shangazi," nikasema. "Geti nilifungua mimi. Mama hajui chochote. Niliogopa utakataa."

"Marahaba. Ungeniuliza, ungejua kama nitakataa."

"Nilijua tu."

"Ulijua!" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha akatuonyesha viti. "Kaeni. Nilipoanza zamu za usiku, nilikuwa mgeni mtaa huu. Bibi yako alikuwa akitwanga kila asubuhi, hapo hapo chini ya dirisha langu. Siku ya tatu nilitoka nje nikiwa nataka kulia kwa usingizi. Kabla sijasema neno, akaniuliza, 'Binti, kelele zangu zinakusumbua?' Nikamwambia ndiyo. Hakuacha kutwanga, maana ilikuwa kazi yake. Alihamisha kinu upande wa pili wa nyumba. Miaka kumi na tisa tuliishi hivyo. Nilikuwa nasikia kinu kwa mbali, na nikalala."

Akatazama pazia. "Tangu amefariki," akasema, "silali vizuri. Kimya kimezidi."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Sikujua kabla ya siku ile kwamba watu wawili wanaweza kumkumbuka mtu mmoja kwa ukuta mmoja, kila mmoja upande wake.

Kesho yake tulikwenda ofisini, na karani wa dirisha la tatu akatuelekeza kwa Bwana Futi. Nilimweleza yote mimi mwenyewe, nikishikilia ukingo wa meza. Alisikiliza, akavuta utepe wake inchi chache na kuurudisha, akavuta tena na kuurudisha.

"Maombi hayatakataliwa, kwa kuwa mmesema ukweli wenyewe," akasema. "Lakini siku thelathini zinaanza upya. Sheria haina njia nyingine."

Siku thelathini zilikuwa nyingi. Muhula ulianza bila sisi. Kati ya familia saba, tatu ziliwapeleka watoto kwingine, na Mama alikwenda kwa kila moja kuwaomba radhi bila kunitaja. Viti vitatu vya njano vilibaki vimegeuzwa juu chini kwenye kona ya chumba, na kila nilipopita nilivihesabu.

Mara hii nilifunga geti kwa kamba, kibao kikatazama barabara usiku na mchana. Wengi walisoma. Mzee mmoja alisoma kwa sauti, akanikosoa namna ya kufagia, akaenda zake. Mama Kimya alilisoma asubuhi ya kwanza, na siku ya nane akapeleka pingamizi ofisini, kwa maandishi, kurasa mbili.

"Ameleta pingamizi!" nikamlalamikia Mama. "Baada ya yote yale!"

"Ni haki yake. Sasa tutajua la kufanya."

Mama, Mama Kimya na Bwana Futi walikutana barazani, ramani imetandazwa sakafuni. Mama Kimya hakutaka chekechea izuiwe, alitaka usingizi. Walibishana karibu saa nzima, maana Mama naye alikuwa na shingo ngumu. Bembea zikahamia upande wa pili wa nyumba. Pale chini ya dirisha wakaamua kupanda ua wa pili wa michongoma, na watoto wasipite. Ngoma na nyimbo za nje zingoje mpaka saa nane mchana. Mama Kimya akataka saa tisa. Bwana Futi akasema saa nane na nusu, akakunja ramani kabla hawajaanza upya.

Wiki tatu baadaye karani wa dirisha la tatu alivaa miwani yake na kumkabidhi Mama kibali, chenye masharti manne yaliyochapwa vizuri. Mjomba alikuwa ametusindikiza. Alikisoma chote, akajikuna kichwa na kusema, "Karatasi hii imechukua muda, lakini hakuna wa kuja kuifunga shule."

Bwana Futi alitutoa mpaka mlangoni. Hapo akainama kidogo ili tutazamane sawasawa.

"Unajua kwa nini tunaweka lile tangazo?"

"Ili watu wapinge," nikajibu.

"Hapana. Ili waulizwe. Ardhi ni yako, lakini kelele, vumbi na kivuli havijui mpaka. Zamani watu kama bibi yako, jirani yenu amenisimulia, waliuliza wenyewe, bila kuambiwa na mtu. Mji umekua, si kila mtu anauliza, kwa hiyo tumeandika sheria iulize kwa niaba yao. Ukilificha swali, mwanangu, hujamnyima jirani yako tu. Umejinyima na wewe jibu, na huenda jibu lilikuwa zuri."

Tulitembea kurudi nyumbani jua likiwa kali, Mama amekishika kibali kifuani kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye kona ya mtaa wetu, ndipo akaniwekea mkono begani.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema, "na fupi yako imetuzungusha mwezi mzima. Nimekusamehe tangu siku ile ile. Lakini kesho wanakuja watoto wanne badala ya saba, na wewe ndiye utakayewapokea, umkumbuke kila asiyekuja."

Niliwapokea. Nawakumbuka mpaka leo, wote saba.