Daraja Nimelipita

Kituo cha mafuta kilifurika asubuhi ile, magari yamebanana, honi juu ya honi. Dada mmoja wa gauni la njano, kalamu kaichomeka kwenye nywele, alikuwa akikatiza nyuma ya lori huku macho yapo kwenye simu. Lori likaanza kurudi nyuma.

"We dereva! Huna vioo?" alipiga kelele, akiligonga ubavuni kwa kiganja. "Zunguka huko!"

Breki zikalia. Kijana mrefu akachungulia dirishani, shati halijafungwa vifungo viwili vya juu, na badala ya kuomba radhi akaangua kicheko.

"Hiyo 'zunguka' naijua! Wewe si ndiye Zunguka wa ofisini?"

Dada akaduwaa. Kumbe huyu ndiye Mluzi, dereva wa tawi la pili la kampuni yao, ambaye kwa miezi mingi alimjua kwa simu tu, akipiga mluzi kila anapongoja jibu.

"Kwa ukali ule nilidhani wewe ni bibi kizee," alisema Mluzi.

"Na mimi nilidhani una akili."

Wakacheka wote wawili, na magari yaliyokuwa nyuma yakazidi kupiga honi.

Kazi ya Zunguka ilikuwa kuwachagulia madereva njia. Kutoka jimbo la pili, liliko tawi lile, kuja jijini zilikuwepo mbili: ya mlimani, fupi, kona kali na ukungu, ambako malori hukatika breki, na ya tambarare, ndefu, inayovuka mto. Hakuwa na mitambo ya ajabu. Alikuwa na simu. Dereva akishapita mahali anampigia: maji yamejaa au la, daraja linapitika au halipitiki. Kwa neno hilo, Zunguka anamwelekeza anayefuata. Basi, hiyo ndiyo kazi nzima, kuaminiana.

Mapenzi nayo yakaingilia hapo hapo kwenye simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Uko wapi?"

"Tambarare, kama ulivyoamuru."

"Kweli?"

"Nikuapie?"

"Usiniapie. Siku ukipita mlimani na lori lako hilo, hiyo pete kamvishe mwingine."

"Mlimani siendi hata kwa bunduki, mama!"

Pete alikuwa keshamvisha. Kilichobaki ni mama mzazi wa Zunguka kumwona mkwe. Mama aliishi jimbo la pili, akapanga kuja jijini na gari dogo la kaka yake Zunguka, yule kaka mcheshi aliyemlea mdogo wake tangu baba yao afariki. Siku hiyo hiyo Mluzi naye alikuwa anarudi na mzigo kutoka huko. Usiku wa kuamkia safari, mvua ilinyesha sana.

Kwenye njia panda Mluzi alisimama. Akafikiria mama mkwe anamkuta ananuka dizeli, suti mpya bado imo kwenye mfuko. Akakata usukani kuelekea mlimani. Kona ya kwanza tu, simu ikaita.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Tambarare."

"Daraja je? Mvua ya jana haijaliharibu?"

Hapo angesema sijui. Neno moja tu, jamani! Lakini uongo wa kwanza ulishamtoka, wa pili ukateleza wenyewe.

"Barabara safi, mama. Daraja nimelipita sasa hivi."

Mjinga yule! Namwita hivyo kwa sababu sina jina lingine.

Zunguka akampigia kaka yake. "Kaka, piteni tambarare."

"Aa, mbali huko! Gari dogo hili, mlimani linapanda lenyewe."

"Kaka, tafadhali. Mama yumo. Mwenzangu amepita sasa hivi, kuko safi."

"Haya, bosi. Mwambie shemeji ajiandae, nakuja kumkagua mpaka meno."

Mchana Mluzi aliingia ofisini na suti ya kijivu, kanyoa, maua mkononi. Zunguka alimrukia shingoni mbele ya watu bila haya.

"Umependeza, mume wangu! Umewahi!" Kisha akatazama saa ya ukutani. Akamwachia shingo. "Umefikaje saa hizi?"

"Nimekanyaga mafuta."

"Na shehena yote ile? Kutoka tambarare? Umepita wapi?"

Mluzi akainamisha uso. "Nilitaka kuwahi, mpenzi. Sikutaka uwe na wasiwasi."

"Daraja uliliona?"

Akatikisa kichwa. Zunguka alishabonyeza simu. Ya kaka haikupatikana. Ya mama iliita, ikaita, ikakatika.

Maji yalikuwa yamekula udongo chini ya daraja usiku ule. Juu lami imebaki, chini patupu; gari dogo likatumbukia nayo. Mama alitolewa na wapita njia, nyonga imevunjika. Kaka alitolewa keshakufa.

Baada ya mazishi Mluzi alishinda kwenye benchi la hospitali, nje ya wodi.

"Yule kijana hakukusudia, mwanangu," mama alisema kwa tabu. "Msamehe."

"Nimemsamehe, mama."

"Basi?"

Zunguka akainuka, akatoka hadi kwenye benchi.

"Nitukane," alisema Mluzi, macho mekundu. "Nipige."

"Nikupige ili iweje? Nakupenda mpaka najichukia." Alilia waziwazi, hakujifuta. "Kaka yangu nilimpeleka mimi, kwa neno lako. Sasa ukiniambia umefika salama, nitajiuliza umefika wapi. Ukiniambia watoto wamekula, nitakwenda kufunua sufuria. Ndoa gani hiyo?"

Akavua pete, akamfumbatisha kiganjani.

Kazini hakumchongea. Alimwomba bosi asimfukuze, na Mluzi akaendelea na lori lake. Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza tena, alisimamisha lori kwenye kituo cha kupimia mizigo, kando ya dereva mwenzake, akapiga simu.

"Niko tambarare. Daraja jipya linapitika. Nimeshuka, nimelikagua kwa miguu, huku na huku."

"Asante, dereva," alisema Zunguka kwa upole, akakata.

Mluzi alikuwa bado hajaishusha simu sikioni pale ya mwenzake ilipoita.

"Naam, dada. Tambarare. Daraja? Linapitika, nimeliona kwa macho yangu." Yule dereva akaitia simu mfukoni, akamgeukia Mluzi kwa mshangao. "Si umemwambia sasa hivi?"

"Nimemwambia," alisema Mluzi, akapanda lori lake.