Fulana ya Kupoza

Kipakatalishi kilikuwa chembamba kama kigae. Hakikuwa na feni wala tundu la hewa, na bado kilikuwa kikikokotoa mwendo wa maji ya bonde zima la Mto Lumeta, kimya kabisa. Joto lake lilipita kwenye mirija laini kama nywele hadi kwenye fulana aliyovaa Danford Kiwelu, mtabiri wa mafuriko. Damu na jasho lake ndivyo vilivyoipoza mashine.

Eliwaza Mbwambo, mhandisi aliyeibuni fulana hiyo, alikuwa ametoka Dodoma kuja kuijaribu kazini. Kwa miaka mingi watengenezaji walikwama palepale: kompyuta ya kubebeka yenye nguvu ilipata moto, na ikishapata moto ilijipunguzia kasi ili isiungue. Ukiiongezea feni, ikawa nzito na yenye kelele kama mashine ya kusaga. Eliwaza alilihamishia joto mwilini mwa mtu, na tatizo likaonekana limekwisha.

Siku hiyo mvua za vuli zilikuwa zimeangusha minara ya mawasiliano, kwa hiyo kompyuta kubwa za Dodoma hazikufikika. Bwawa la upande wa juu wa mto lilikaribia kufurika. Ndege-mbiu, zile ndege ndogo zinazoruka bila rubani zikitangaza hatari, zilikuwa zikisubiri ramani ya Danford ili zijue pa kwenda.

Kufika adhuhuri, Eliwaza aliona uso wa Danford umekauka. Jasho lilikuwa limekata.

“Kaka Danford, mwili wako umepita nyuzi thelathini na tisa. Niache nipunguze kasi.”

“Ukipunguza, ramani itatoka jioni. Maji hayatatungoja.”

“Basi gawa bonde kwa vipande vikubwa. Hesabu itakuwa nyepesi.”

“Vipande vikubwa vinameza vijito, dada. Na watu wanaishi kwenye vijito.”

Eliwaza alifikiria kuivaa yeye, lakini haikuwezekana. Fulana ilikuwa imezoeshwa mapigo ya moyo wa mtu mmoja tu. Isipoyahisi, mashine ilishuka hadi robo ya kasi. Kanuni hiyo aliiweka mwenyewe, mtu asije akaiacha kitandani ikawasha moto.

“Ng’ombe wamerudi?” Danford aliuliza ghafla.

“Ng’ombe gani?”

“Wa baba. Wamerudi?”

Eliwaza alijua joto limempanda kichwani. Alichomoa mirija, akamvua fulana, akammwagia maji ndoo baada ya ndoo na kumpepea kwa kanga yake mpaka Danford alipomtambua tena.

Kwa robo ya kasi, ramani ilikamilika magharibi. Ndege-mbiu ziliruka mara moja, na vitongoji vyote vikawahi kuhama isipokuwa kimoja, Mbagwe, kilichokuwa kando ya kijito. Huko watu watatu walichukuliwa na maji.

Wiki iliyofuata Eliwaza alimkuta Danford hospitalini, amekonda. Daktari alikuwa amesema figo zake zingepona polepole. Habari za Mbagwe alikuwa amekwisha kuzipata.

“Ungeniacha kidogo tu,” alisema Danford.

“Ungekufa.”

“Labda. Wale hawakupata hata hiyo labda.”

Eliwaza alikaa kwenye kiti cha wageni. Mkurugenzi wake alikuwa amempigia simu asubuhi, akimpongeza kwamba mashine haikupoteza kasi hata kidogo kwa muda wote ambao fulana ilivaliwa.

“Fulana iko wapi?” Danford aliuliza.

“Nimeichana.”

“Nishonee nyingine.”

“Kaka Danford!”

“Masika yanakuja, na bwawa ni lilelile. Nishonee nyingine.”

Eliwaza alimtazama mabega yaliyochomoza chini ya shuka. Akawaza mirija, akawaza mioyo miwili inayopiga kwa mwendo tofauti, na namna mashine ingeweza kufundishwa kulihamisha joto kutoka kwa aliyechoka kwenda kwa mwenzake.

“Itakuwa ya watu wawili,” alisema mwishowe. “Wa pili nitakuwa mimi.”

Danford hakutabasamu.

“Basi iwahi,” alisema, akageukia ukutani.